Mstari Unaotembea: Kutoka Damu ya Farasi Hadi Waya wa USB

Mwaka 2009 niliua vifaranga wa mjomba wangu. Si kwa makusudi, na yeye mwenyewe hajawahi kulitamka hivyo, lakini nikipiga hesabu ndivyo ilivyokuwa. Mayai 120 yaliingia kwenye mashine ya kuangulia niliyomtengenezea, vifaranga wakaanza kutoka siku ya 23 badala ya siku ya 21, na walioweza kusimama kwa miguu yao walikuwa 31.

Mashine yenyewe ilikuwa sanduku la mbao, balbu mbili za kupasha joto, feni ndogo ya volti 5 ya kusukuma hewa, kihisi cha joto aina ya LM35 na bodi ya Arduino. Kila sekunde bodi ilituma kipimo kimoja kwenye laptopu kupitia waya wa USB, nami nikakaa nikitazama namba zikiteremka: 36.2, 36.2, 39.1, 36.2, 39.1, 38.6. Nikasema hizo ni kelele tu za umeme. Nikafanya lile ambalo sisi watunzi wa programu hulifanya tukichoka: nikachukua wastani wa vipimo 20. Wastani ukatoka 37.5, kama vitabu vya kuku vinavyotaka. Mjomba alikuwa na kipimajoto chake cha kioo ndani ya sanduku, nacho kilisema 36. Nikamwambia kimezeeka.

Nitarudi kwa mjomba. Kwanza nataka nieleze jambo lililonichukua miaka kulielewa: kwa nini binadamu waliacha kuandika namba wakaanza kuchora mstari, na kwa nini mstari huo hadi leo unatembea kwenye skrini jinsi unavyotembea. Wengi wetu hufungua programu ya kuchora grafu bila kujua kwamba tunatazama mzimu wa mashine za zamani.

Tuanze na farasi. Mwaka 1733 padre mmoja Mwingereza, Stephen Hales, alichapisha maelezo ya jaribio ambalo leo lingempeleka mahakamani. Alimlaza farasi jike, akamchoma mshipa mkubwa, akaunganisha bomba refu la kioo lililosimama wima, na damu ikapanda zaidi ya futi 8. Hapo ndipo mtu alipoliona shinikizo la damu kwa macho kwa mara ya kwanza. Hales aliona pia kwamba damu haikutulia kule juu, ilipanda na kushuka kwa kila pigo la moyo. Lakini ataandika nini? Macho hayawezi kufuata, mkono hauwezi kuandika namba kwa kasi ya moyo. Alipata urefu wa damu, lakini umbo la pigo lilimponyoka.

Likaponyoka watu kwa zaidi ya miaka mia moja. Jean Poiseuille mwaka 1828 alibadilisha bomba refu kwa mrija wenye umbo la U uliojaa zebaki, jambo lililosaidia kwa sababu zebaki ni nzito na haihitaji futi 8, lakini bado ilikuwa kazi ya kukodoa macho. Kisha mwaka 1847 huko Marburg, Ujerumani, Carl Ludwig akafanya jambo ambalo ukilitazama leo unasema, mbona hakuna aliyelifikiria mapema? Aliweka kiolea juu ya zebaki, juu ya kiolea akasimamisha kijiti, kwenye ncha ya kijiti akafunga kalamu, na kalamu akaigusisha kwenye karatasi iliyozungushiwa pipa dogo linalozunguka kwa mtambo wa saa. Basi. Moyo ukaanza kujiandika wenyewe.

Mashine hiyo iliitwa kimografu, yaani chombo cha kuandika mawimbi. Kilichonigusa mimi ni kile Ludwig alichokiona mara moja. Juu ya mawimbi madogo ya mapigo ya moyo kulikuwa na wimbi kubwa, la polepole, likipanda na kushuka pamoja na pumzi ya mnyama. Mapafu yalikuwa yakiusukuma na kuuvuta mkondo wa damu. Jambo hilo limo ndani ya namba pia, ukiziandika zote, lakini hakuna anayeweza kusoma namba 500 akaliona. Mstari ulionyesha yote mawili kwa pamoja, moyo na pumzi, kimoja kimempanda kingine mgongoni.

(Kuna atakayeniambia kwamba grafu zilikuwepo kabla ya hapo. Kweli, William Playfair alichapisha grafu za biashara za mistari mwaka 1786. Lakini Playfair alichora kwa mkono, baadaye, kutoka kwenye majedwali. Mimi nazungumzia mstari unaochorwa na kitu chenyewe wakati kinatokea.)

Aliyemtangulia Ludwig kwa haki ni fundi, si daktari. Mwaka 1796 John Southern, msaidizi wa James Watt, alifunga penseli kwenye kipimo cha shinikizo la injini ya mvuke, na chini yake akaweka ubao unaokwenda na kurudi pamoja na pistoni. Kila mzunguko penseli ilichora kitanzi kilichofungwa, na fundi akikitazama aliweza kusema valvu inachelewa au mvuke unavuja. Watt na wenzake waliificha mbinu hiyo kwa miaka mingi kama siri ya biashara. Nawaelewa. Wenzao walikuwa wakisikiliza injini kwa masikio, wao walikuwa wakiiona kwa ndani.

Wale mliosoma fizikia sekondari hapa Kenya mmeshawahi kumshika mjukuu wa mashine hizi. Mnakumbuka kile chombo cha kugonga nukta kwenye utepe wa karatasi, unaovutwa na kigari kwenye mteremko? Nukta 50 kila sekunde, unakata utepe vipande, unavibandika kando kwa kando, na vichwa vya vipande vinatengeneza mstari. Sisi tulikuwa na kimoja kwa darasa zima, na kazi yangu ilikuwa kushika gundi.

Upande wa pwani yetu mstari ulikuja kwa njia ya baharini. Mwaka 1879 kebo ya telegrafu ilifika Zanzibar kutoka Aden, ikaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Kwenye kebo ndefu za baharini umeme unaofika upande wa pili ni dhaifu mno, hauwezi kupiga kengele wala kusukuma nyundo. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alikuwa ameshabuni mwaka 1867 chombo cha kupokea ishara hizo: koili nyepesi inayoning'inia kati ya sumaku, na mrija wa kioo mwembamba kama unywele wenye wino ndani. Mrija ungegusa karatasi, msuguano ungeusimamisha, kwa hiyo aliutia wino chaji ya umeme ili uruke wenyewe kwa vitone vidogo hadi kwenye utepe unaotembea. Alama ikienda upande mmoja ni nukta, upande mwingine ni kistari. Hapo mstari ulikuwa haupimi moyo wala mvuke, ulikuwa unabeba habari, na karani mzoefu aliusoma kama sisi tunavyosoma ujumbe wa simu.

Tangu hapo hadi miaka ya 1970, kalamu na karatasi inayotembea vilitawala dunia ya vipimo. Matetemeko ya ardhi, hewa ya kaboni pale Mauna Loa tangu 1958, vyote vilipita chini ya kalamu. Lakini kama kuna kisa kimoja nataka kukiweka mbele ya kila anayechora data ya vihisi, ni cha Jocelyn Bell.

Bell alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa falsafa kule Cambridge, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini. Alitumia miaka miwili kusaidia kujenga darubini ya redio, na si darubini ya vioo, ni shamba la nguzo na nyaya lenye ukubwa wa ekari nne na nusu, akipiga nyundo kwa mikono yake. Mwaka 1967 ilipoanza kufanya kazi, ilitoa karatasi karibu mita 30 kila siku, na mtu wa kuisoma yote alikuwa yeye. Kompyuta zilikuwepo chuoni, lakini waliamua kwa makusudi kutoanza nazo: darubini ilikuwa mpya, hawakujua bado itatoa alama za namna gani, na ni vigumu kuiandikia kompyuta kanuni ya kutambua kitu ambacho hujawahi kukiona. Jicho la mtu halihitaji kanuni hiyo.

Mwezi wa Agosti aliona mkwaruzo. Ulikuwa mdogo, kama nusu sentimita kwenye mamia ya mita za karatasi. Haukufanana na vyanzo vya redio vilivyokuwa vikimeremeta, wala haukufanana na kelele za magari na redio za watu. Baada ya wiki kadhaa akagundua kwamba unarudi kutoka sehemu ileile ya anga, ukifuata saa za nyota na si saa za binadamu. Sasa angalia alichofanya. Hakuchukua wastani. Alitaka karatasi iende mbio zaidi, ili mkwaruzo ule uliobanwa ukunjuke. Kwa wiki nzima nzima alikwenda kila siku, dakika zile ambazo sehemu hiyo ya anga inapita juu, akaongeza mwendo wa karatasi, na hakuna kitu. Ulikuwa umefifia. Tarehe 28 Novemba 1967 ukarudi, na kalamu ikachora mbele yake pigo, pigo, pigo, kwa nafasi sawasawa, moja kila sekunde 1 na theluthi.

Msimamizi wake, Antony Hewish, alipopigiwa simu alidhani ni kitu cha watu. Hakikuwa cha watu. Kilikuwa pulsa ya kwanza kujulikana, nyota iliyokufa, nzito kuliko jua letu lakini yenye ukubwa wa mji, inazunguka kama taa ya mnara wa bandari. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974 walipewa Hewish na Martin Ryle. Aliyeiona kwenye karatasi hakutajwa. Mwaka 2018 alipewa tuzo nyingine ya dola milioni 3, akazitoa zote kusomesha wanafunzi wa fizikia. Mimi bado naona walimkosea, lakini yeye mwenyewe amekuwa mpole kuliko mimi.

Na hapa Kenya tuna mkono wetu kidogo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina la Uhuru. Ilizunguka polepole ikipekua anga kutafuta miali ya eksirei, ikihesabu miali kwa vipande vya muda visivyofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Chanzo kimoja, Centaurus X-3, kilipochorwa kwa vipande hivyo vidogo, kilionekana kinapiga kila sekunde 4.8. Ukijumlisha hesabu hizo kwa dakika nzima unapata doa tu linalong'aa.

Karatasi ina shida moja kubwa, haiwezi kwenda mbio kupita kiasi, na kalamu ina uzito. Ferdinand Braun mwaka 1897 aliiondoa kalamu akaweka mwale wa elektroni kwenye kioo, na mwale hauna uzito wa kuchelewesha. Ndiyo osiloskopu. Tatizo likageuka: sasa mstari unapita haraka kuliko jicho. Dawa ilitoka kwa Howard Vollum na Jack Murdock walioanzisha Tektronix mwaka 1946. Osiloskopu yao ya 1947 ilisubiri ishara ifike kiwango fulani ndipo ianze kuchora, kila mara kutoka pale pale, kwa hiyo picha ikasimama tuli.

Sasa tuingie nyumbani kwetu, kwenye chipu. Mwaka 1974 Texas Instruments walianza kuuza TMS1000, kompyuta nzima ndani ya chipu moja, na mwaka 1980 Intel wakatoa 8051. Maikrokontrola zilikuwa na namna rahisi ya kuzungumza na kompyuta kubwa: biti moja moja kwenye waya, kwa kanuni ya RS-232 iliyotoka mwaka 1960, enzi za mashine za teleksi. Uzee huo bado tunaulipia. Kwa kasi ya 9600, kila herufi inachukua biti 10, kwa hiyo unapata herufi 960 kwa sekunde. Ukituma kipimo kama "512" pamoja na alama mbili za kumaliza mstari, ni herufi 5, yaani vipimo 192 kwa sekunde na si zaidi. Ukitaka kuona sauti ya mtu kwa njia hiyo, pole. Ukitaka joto la mayai, zimebaki nyingi.

Upande wa skrini, mwaka 1986 National Instruments walitoa LabVIEW kwa kompyuta za Macintosh, na chati zake za data ya moja kwa moja zikaja na mienendo mitatu. Wa kwanza, mstari unasogea kushoto daima: hiyo ni karatasi ya kalamu. Wa pili, mstari unajaza skrini, unafutwa wote, unaanza upya: hiyo ni osiloskopu. Wa tatu, kijistari cha wima kinatembea kikifuta ya zamani mbele yake na kuacha mpya nyuma: hiyo ni mashine ya moyo kando ya kitanda cha hospitali. Skrini haina roli wala haina fosforasi, ingeweza kuchora kwa namna yoyote ile, lakini ikachagua kuigiza wazee wake watatu. Sioni kama ni kosa, maana macho ya wahandisi yalishazoea.

LabVIEW iligharimu pesa nyingi, na si ya mtu anayetengeneza sanduku la mayai. Sisi wengine tuliokolewa na watu waliotoa kazi zao bure. John Hunter alikuwa akichora mawimbi ya ubongo wa wagonjwa wa kifafa, akachoshwa na programu za kulipia, na mwaka 2003 akatoa matplotlib kwa lugha ya Python. Alifariki mwaka 2012. Casey Reas na Ben Fry walianzisha Processing mwaka 2001, Hernando Barragán akajenga Wiring juu yake mwaka 2003 kwenye mji wa Ivrea, Italia, kwao Olivetti wa taipureta, na kutoka hapo mwaka 2005 ikazaliwa Arduino. Lakini kwa miaka kumi programu ya Arduino ilikupa dirisha la kusoma namba peke yake. Dirisha la kuchora grafu liliongezwa katika toleo la 1.6.6, mwaka 2015. (Toleo la 2, mwaka 2022, lilikuja likionyesha nukta 50 tu kwa wakati mmoja, na watu walilalamika, nami nikiwemo.)

Mwaka 2009 basi, ukitaka mstari, ulichukua mfano mdogo wa Processing uliokuja na Arduino, unaosoma poti ya siriali na kuchora kijiti cha wima kwa kila kipimo hadi mwisho wa dirisha, kisha unafuta na kuanza upya. Osiloskopu ya maskini. Wiki moja baada ya msiba wa vifaranga niliuendesha, na nikaona mstari umenyooka, mtulivu kabisa. Nikakaribia kuifunga laptopu.

Kilichonizuia ni aibu ya kipimajoto cha mjomba. Nikasoma msimbo tena. Mfano ule unachora kutoka 0 hadi 1023, upana wote wa kigeuzi cha chipu, kwenye dirisha la pikseli 300. Joto la sanduku lilikuwa namba 74. Kuruka kutoka 74 hadi 80 ni pikseli zisizofika 2. Nikabadilisha mipaka iwe 60 hadi 100, nikaanza tena, na skrini ikajaa meno ya msumeno. Kila rilei iliposema tak, mstari uliruka juu nyuzi tatu, papo hapo. Iliposema tak tena, ukaanguka nyuzi tatu.

Hewa haiwezi kupanda nyuzi tatu ndani ya sekunde moja. Hata moto haufanyi hivyo. Balbu zilipowaka, feni na koili ya rilei navyo vilianza kula umeme kutoka waya uleule wa USB, mrefu mita 3 na mwembamba, niliounua kwa bei ya kutupa. Volti 5 zilianguka hadi 4.6. Na kigeuzi cha chipu kilikuwa kinapima kihisi kwa kulinganisha na volti hizo hizo! Rula ilikuwa inasinyaa, na kitu kikaonekana kimerefuka. Bodi ikaamini kuna nyuzi 39, ikazima balbu. Wastani wa 36 ya kweli na 39 ya uongo ni 37.5. Nilikuwa nimeipaka rangi hitilafu ikapendeza, na mayai yakakaa kwenye baridi siku 23.

Marekebisho yalichukua jioni moja. Feni na rilei vikapata adapta yao, waya mfupi, na kigeuzi nikakiambia kitumie volti 1.1 ya ndani ya chipu, isiyojali USB inafanya nini. Kila hatua ya kipimo ikashuka kutoka nusu nyuzi hadi karibu sehemu moja ya kumi. Mstari ukawa mwinuko wa polepole na mteremko wa polepole, kama joto linavyopaswa kuwa, na kipimajoto cha kioo kikakubaliana nao.

Nikamwomba mjomba radhi kuhusu kile kipimajoto. Akasema, "Kijana, mimi niliona ni mashine yako, nikanyamaza." Tukaweka mayai mengine, machache, 40, na laptopu ya zamani nikaiacha pale juu ya gunia la chakula cha kuku, mstari ukitembea. Siku ya nne akanipigia simu. Alitaka kujua shimo dogo linalotokea kwenye mstari kila asubuhi ni la nini. Nikamuuliza ni saa ngapi. Akanyamaza kidogo, nikasikia viatu vyake kwenye sakafu, halafu akacheka. "Saa kumi na mbili na robo," akasema. "Ni mimi. Ndio wakati nafungua mlango kuyageuza."